Mpwa Wangu Alivyochagua Ngoma

Kwetu Waluguru mtoto ni wa mjomba, kwa hiyo dada yangu aliniita mimi, si mumewe. Nikashuka kutoka mlimani hadi Morogoro mjini kumchagulia binti yake chombo cha kupiga kwenye bendi ya shule.

Pale shuleni nikachagua tarumbeta. Yeye akang'ang'ania ngoma.

"Ngoma ya nini, mtoto wa kike?"

Hasira zangu ziko karibu, sikatai. Nikamzaba kofi mbele ya mwalimu wa bendi, mdomo ukapasuka.

Hakulia. Alifuta damu kwa mkono wa sweta, akachukua vijiti, akaanza kupiga. Kimoja kikavunjika, akaendelea na kilichobaki.

Mwalimu akamwambia atazame ngoma. Hakuitazama. Macho alikuwa ameyakaza shavuni kwangu, upande ule ule niliompiga yeye.