Mama Mkwe Nyuma ya Kioo

Pale hospitalini walimwita Mama Vipimo, wala hakuchukia. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba mashine ya kupiga picha za matiti haimpi mgonjwa mionzi kupita anayohitaji. Aliweka bamba nene la plastiki mahali titi linapokaa, akatega kipimio cha mionzi, akajikinga nyuma ya kioo kizito, kisha akasoma namba. Namba ikizidi hata kidogo, fundi wa mashine hakupumua mpaka airekebishe.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Mama mkwe wake alikuwa amegusa uvimbe kifuani, lakini picha alizikataa katakata. Mionzi inamchoma mtu kwa ndani, aliwaambia wanawe, na tena hawezi kuvua nguo mbele ya mke wa mwanawe. Mwanawe alibembeleza mpaka akachoka.

Mama Vipimo hakubishana naye. Asubuhi moja alimwomba mama amsindikize kazini, aone tu. Akamkalisha nyuma ya kioo, akapima bamba lake mbele ya macho yake. Alimweleza kwamba sahani ile ya mashine hulibana titi ili lipungue unene, na unene ukipungua, mionzi kidogo inatosha. Mpiga picha ni dada mwingine kabisa, akaongeza. Yeye mwenyewe atakaa nje.

Mama mkwe alisikiliza, mkoba mapajani. Halafu akauliza, "Na picha zako, mwanangu, zilitokaje?"

Mama Vipimo akaweka kipimio mezani. Umri wa kupigwa picha ulikuwa umemfikia zamani, na kila mara alijiambia ana kazi nyingi.

"Sijawahi kupigwa, mama."

"Basi tangulia."

Akatangulia. Sahani ilimbana mpaka akauma midomo. Plastiki haikuwahi kumwambia kwamba inauma vile. Alipotoka ameshika kifua, mama mkwe alimtazama usoni, akacheka hadi machozi, kisha akajifunga kanga vizuri na kuingia mwenyewe.

Picha za Mama Vipimo zilitoka safi. Za mama zilionyesha kivuli, ikabidi apimwe kwa altrasaundi pia, na daktari akakuta ni kifuko cha maji tu, kisicho na madhara.

Jioni walikaa jikoni wakimenya viazi. Mama mkwe alimsimulia mwanawe jinsi mkewe alivyokunja uso, akamwigiza, akarudia tena. Mama Vipimo alimwacha aongeze chumvi atakavyo.