Sasisho la Mpita Njia

Siku ile haijanitoka, mjukuu wangu Kabula, na leo nakuandikia habari zake kwa sababu ya hiyo simu yako.

Nilikuwa na miaka kumi na saba, nikirina asali na mjomba wangu Kasanda katika misitu ya kusini mwa Tabora. Kila mrina ana alama yake aliyoichonga kwa kisu kwenye mzinga. Ya mjomba ilikuwa mikato mitatu iliyosimama na mmoja uliolala juu yake. Na alikuwa na tabia iliyonichosha. Aliitazama alama akiwa chini ya mti, kisha akipanda aliipapasa tena kwa vidole, hata kama mzinga ule aliutundika yeye mwenyewe. Nilimcheka chinichini nikidhani ni uzee.

Asubuhi moja akaitwa msibani kijijini, akaniacha kambini. "Mizinga iliyobaki usiiguse," akaniambia. "Ningoje."

Mchana akapita mtu na baiskeli. Mcheshi kweli, anamjua mjomba kwa jina, hata ile mikato mitatu anaijua. "Nimekutana na mjomba wako njiani," akasema. "Anasema urine ile ya ng'ambo ya kijito leo hii, usimsubiri. Ukikuta alama nyingine usishangae, ameibadilisha."

Kilichoniponza ni haraka, mwanangu. Nilitaka mjomba arudi akute madebe yamejaa, aseme sasa nimekuwa mwanaume. Jioni nikapanda. Alama ngeni niliiona kwa macho yangu, vidole vikaigusa, na bado nikarina. Yule mcheshi akanisaidia kubeba, akaondoka na debe moja, eti anampelekea mjomba. Yaliyofuata nitakueleza mwishoni, maana hata sasa yananitia aibu.

Sasa Jumamosi ukaja kutoka mjini umenuna. Wenzako chuoni simu zao zimepata sasisho jipya, yako ya aina ileile haijapata. Ukanionyesha ujumbe kwenye kundi lenu: usisubiri, bonyeza hapa, pakua sasa hivi. Kidole kilikuwa tayari hewani. Nikaifunika simu kwa kiganja.

"Nani huyu?" nikauliza.

"Mtu tu wa kwenye kundi, babu. Anasaidia watu."

"Anakujua?"

"Hanijui."

"Sasa huruma yote hiyo ya nini?"

Ukacheka, ukasema kwangu mimi kila mtu ni mwizi. Si kila mtu, mwanangu, lakini hukukosea sana.

Ndiyo maana nilikuburuta hadi kwa Zuhura, yule binti anayetengeneza simu karibu na stesheni. Namwamini kwa sababu asipojua kitu husema hajui. Akaniamkia, nikamwitikia marahaba, nikamwonyesha ule ujumbe.

"Mzee, waliotengeneza simu hawatoi sasisho kwa watu wote siku moja," akasema. "Wanaanza na wachache, wanatazama kama linaharibu kitu, ndipo wanawafikia wengine. Zamu yake ikifika, taarifa itakuja kwenye simu yenyewe, na ataliona ndani ya mipangilio. Na simu hailipokei mpaka ihakikishe lina saini ya wenyewe."

"Na hili la kwenye kundi?"

"Hilo si sasisho. Ni programu ya mtu asiyejulikana. Simu ingemuuliza kama anaruhusu kitu kutoka nje, na angekubali mwenyewe. Baada ya hapo mtu huyo anaweza kusoma meseji zake na kuwaandikia watu kwa jina lake."

Mimi sikutosheka. "Na hao wenye saini nitawaaminije?"

"Hao wakikosea, unajua pa kuwauliza," akanijibu. "Huyu kesho hayupo."

Kisha akaomba simu yangu, akaingia kwenye mipangilio, akashangaa. Sasisho la kweli lilikuwa limenibishia hodi mwaka mzima na mimi nalifukuza. "Hili ndilo linaloziba matundu wanayopitia wezi, mzee," akanigombeza, na wewe ukacheka hadi ukashika ukuta. Haya, cheka. Nilistahili.

Sasa nimalizie. Mjomba aliporudi kutoka msibani, mwenye mizinga ile ya ng'ambo ya kijito alikuwa keshafika kambini na wazee wa warina. Mjomba alikuwa hajakutana na mtu yeyote njiani. Akaitazama ile asali, akanitazama mimi, akaelewa. Mmoja wa wazee akauliza nani amerina. Mjomba akasema, "Mimi."

Nami nikanyamaza, Kabula. Walimfukuza msitu ule moja kwa moja. Alikufa akiitwa mwizi wa asali, na wapo wanaomwita hivyo mpaka leo. Alichoniambia ni kimoja tu, tukiwa njiani tunarudi na mizigo: "Vidole vyako vilikuambia. Kwa nini ulimsikiliza yule?" Mama yako hajui habari hii. Wewe ndiye wa kwanza.

Basi nisikilize. Sasisho lifuate kwenye mipangilio ya simu yako, usilipokee kwa mtu wa kwenye kundi, hata akijua jina lako na la babu yako. Likiwa halijafika, weka chaji, weka bando, ngoja. Likifika kwa njia yake, usiwe mbishi kama mimi, lipokee. Na anayekuhimiza usisubiri, muulize kwanza yeye anaharakia nini. Jina lako likishatumika kuwaibia watu, unaweza kueleza mpaka sauti ikauke na bado wapo watakaolikumbuka hivyo.

Mungu akujalie macho ya kuona alama, na akupe moyo wa kungoja ambao mimi sikuwa nao. Jina lako likae safi, mwanangu. Na siku ukipata nafasi ya kumtaja mjomba wangu Kasanda mbele za watu, waambie hakurina yeye.