Kibuyu cha Kwenye Banda la Kuku

Wewe umewahi kumlilia mtu wa kwenye kitabu, mtu ambaye hata hayupo? Mimi nimemlilia, hapa hapa Turwa, na shule yenyewe niliishia darasa la pili.

Mjukuu wangu yuko kidato cha tatu. Mwalimu wao wa fasihi ya Kiingereza ana mambo yake. Anasema mtoto anaweza kuyajua maneno yote ya Kiingereza na bado asijue mtu wa kwenye hadithi anaumia wapi. Basi akawatuma: nendeni nyumbani, mkawasimulie wakubwa hadithi kwa lugha yenu, halafu mmoja wao aseme badala ya yule mtu mnayemchukia. Maneno yake myaandike kwa Kiingereza, tutayasoma mbele ya wazazi siku ya kikao.

Niliposikia nitasomwa mbele ya wazazi, nilienda sokoni Nyamisangura nikawatangazia wauza dagaa wote. Maneno yangu, tena kwa Kizungu.

Hadithi ni ya nchi ya baridi huko. Binti anaolewa mbali, amebeba chungu kidogo cha mama yake. Mama mkwe anakichukua, anakifanya chombo cha kulishia mbwa. Tulipofika hapo nikafuta macho kwa kanga.

"Huyo mama hana utu," nikasema. "Angekuwa huku kwetu, wazee wangemkalisha chini."

"Haya bibi, sasa wewe ndiye yeye. Jitetee."

"Mimi nimtetee mchawi?"

"Si unasema hakuna hadithi inayokushinda?"

Hapo alinipata.

Mama yake alikuwa nje karibu na mlango, anamenya mihogo. Nikueleze kwanza, huyo ni mkamwana wangu, ila si mke wa mwanangu. Mimi nilizaa mabinti tu, na wote wakaolewa. Kwetu Wakurya mama wa namna hiyo anatoa ng'ombe, anaoa binti, amzalie watoto nyumba isife. Ndivyo alivyokuja kwangu, msichana tu, na mjukuu huyu nikampata kwake.

Basi nikajiweka sawa kwenye kigoda, nikaanza. Unajua mimi nikianza. Sauti nikaibadilisha, mabega nikayainua.

"Nilitoa ng'ombe kwa ajili yake," nikasema. "Nilitaka ajue hii nyumba ni ya nani. Kila asubuhi anakitazama kitu cha mama yake, anakipangusa, moyo wake uko kwao. Atanizalia vipi watoto wa hapa, moyo ukiwa kule? Nikakichukua siku moja, yeye hajarudi kutoka kisimani. Nikatia pumba za kuku. Akarudi, akakiona, akatua ndoo. Kibuyu chenyewe kilikuwa kizuri, kimefungwa ushanga shingoni, maziwa yakikaa humo..."

Mjukuu akaacha kuandika.

"Bibi, kwenye kitabu ni chungu. Na ni mbwa."

Nje, kisu kilikuwa kimenyamaza. Sijui kilinyamaza kwenye neno gani. Baada ya muda nikasikia muhogo ukidondoka kwenye beseni, na kisu kikaendelea.

Mimi mwenye maneno nikatazama miguu yangu. Nimemlilia binti wa nchi nisiyoijua, na huyu wangu anayeniita mama, anayenikanda mgongo, sikuwahi hata mara moja kujiuliza alijisikiaje pale alipotua ile ndoo.

Kesho yake nikaingia bandani. Kibuyu kilikuwa bado kipo, kuku bado wanalishiwa humo, ushanga ulishakatika. Nikakisugua kwa majivu, nikakifukiza, nikampelekea jikoni. Njiani neno nilikuwa nalo, pole, neno fupi tu. Nikafika nikasema, "Kuku wameacha kutaga."

Akakipokea kwa mikono miwili. Akakinusa.

"Hiki maziwa hakiwezi tena, mama," akasema. Akakiweka juu ya rafu, karibu na chumvi, akaendelea kusonga ugali.

Nikarudi kwa mjukuu, nikamwomba auchane ule ukurasa. Kikao kilikuwa kinakaribia, na mama yake ndiye angeenda. Angekaa kwenye benchi, watu wakisikiliza.

"Bibi, ukurasa sichani. Hayo ndiyo maneno ya kweli uliyoyasema siku ile."

"Basi unaniaibisha?"

Akafikiri, kalamu mdomoni.

"Umwambie mama."

"Nilienda. Nikazungumzia kuku."

Akacheka, halafu akanishika mkono kama mtu mzima.

"Shuleni nitaandika kingine, mwalimu nitamwambia bibi ameomba muda. Huu nautunza. Siku ukienda tena kwa mama, nakuahidi bibi, nitakaa pembeni yako. Ukikwama, nitakusomea ulipoishia, pale alipotua ndoo, halafu wewe utaendelea."