Bei ya Mchezaji Asiye na Jina

Katika ukoo wa mume wa mama yangu mkubwa, mali ya marehemu haigawanywi mpaka ithaminiwe. Siku ya kuondoa kilio, vitu vya mwanamume hutandazwa juu ya mkeka, na ndugu zake huketi kuvizunguka wakiwa na nyuso za watu waliokuja kwa ajili ya huzuni peke yake. Chenye bei huenda kwa ukoo. Kisicho na bei humbakia mjane: masufuria, picha, kumbukumbu. Sheria ya nchi inasema vinginevyo, lakini sheria ya nchi haikualikwa kwenye kikao kile, nayo ina adabu ya kutokwenda isikoitwa.

Siku hiyo mkekani palikuwa na redio, baiskeli, koti la kazi ya reli, saa ya mkononi iliyokwisha kusimama, na kitabu cha nyimbo za kanisa. Mdogo wake marehemu, ambaye mimi humwita baba mdogo, alikikung'uta kitabu hicho kwa uangalifu wa mtu ajuaye mahali wazee huficha noti. Haikuanguka noti. Ilianguka kadi ya karatasi ngumu, ndogo kuliko kiganja, yenye picha ya Mzungu aliyevaa kofia na kushika rungu.

Ilikuwa kadi ya besiboli. Besiboli ni mchezo wa Wamarekani ambamo mtu hupiga mpira kwa rungu, kisha hukimbia kwa nguvu zake zote ili arudi pale pale alipoanzia. Kwa kuwa nimefanya kazi serikalini tangu nilipomaliza chuo kikuu, sikuhitaji kuelezwa mara mbili.

Mama mkubwa, ambaye tangu asubuhi hakuwa amegombea hata kijiko, alinyoosha mkono. "Ile ni yangu," alisema.

Hadithi yake sote tuliijua. Mumewe, akiwa kijana wa reli kule Sakania, mpakani mwa Kongo na Zambia, alibeba sanduku la msafiri Mmarekani, akalipwa shukrani nyingi na kadi moja. Wakati huo alikuwa anamchumbia mama mkubwa. Watu wa kijana walitoka Kasai, mkoa ambao Wakatanga wengi huwahesabu watu wake kuwa wageni, na baba yake mama mkubwa, Mkatoliki imara wa kaskazini mwa Katanga, alikuwa amesema kwamba jina la Mkasai halitatamkwa nyumbani kwake. Kijana hakuwa na picha ya kumpelekea mchumba wake, akampelekea kadi hiyo pamoja na salamu: huyu naye hana jina, kwa hiyo baba yako hatapata la kukataa. Ni kweli. Chini ya picha, mahali ambapo jina la mchezaji lilipaswa kuandikwa, palikuwa patupu. Waliishi pamoja na Mzungu huyo kitabuni mpaka kifo kilipowatenganisha.

Lakini baba mdogo alikuwa amesikia kwamba huko Amerika kadi za namna hiyo hununua nyumba. Akanigeukia.

"Bwana lisansie, ni weye ulisoma. Utuambie bei yake."

Lisansie ni mtu mwenye shahada. Katika familia yetu cheo hicho humpa mtu haki ya kujaza fomu za wengine, kutafsiri maandishi ya chupa za dawa, na kulaumiwa mambo yakiharibika. Wakanipa muda mpaka Jumapili.

Nilikaa barazani na simu, nikajifunza elimu ya kuthamini makosa. Jambo la kwanza ni kwamba kosa si kosa tu. Kuna doa, na kuna toleo. Doa ni uzembe wa mashine uliotokea mara moja, nao hauna heshima kubwa. Toleo ni uzembe uliorudiwa kwenye kadi za kutosha hata wakusanyaji wakautambua, wakaupa hadhi na kuanza kuugombania, kama ilivyo katika siasa. Kwa kadi yetu, wino mweusi haukupita kabisa. Jina halikuandikwa, mistari ya uso haikukolea, na yule bwana alibaki na rangi nyekundu, njano na buluu tu, kama mtu anayeanza kusahauliwa. Nilionywa nihakikishe kwamba si kazi ya jua. Lakini jua hula nyekundu kabla ya kugusa nyeusi, na nyekundu ya kofia ile ilikuwa bado inawaka. Wakusanyaji waliwahi kuziona nyingine kama hiyo. Lilikuwa toleo, basi, tena adimu.

Jambo la pili ni kwamba bei anayoitaja muuzaji si bei. Bei ni ile aliyokwisha kuilipa mtu mwenye akili zake, au angalau mwenye fedha. Jambo la tatu ni hali: pembe kali, kingo zisizoguswa, uso usiopakwa kitu. Kadi njema hupelekwa kwa wataalamu, wakaikagua, kisha wakaifunga ndani ya kasha gumu la plastiki ili isiguswe tena na binadamu.

Jumapili niliyaeleza hayo yote kwa utaratibu, maana nimesoma. Nikakadiria kwamba thamani ilikuwa mahali fulani kati ya mbuzi na gari kuukuu. Mbuzi hakuna aliyemsikia. Walianza papo hapo kubishana ni nani kati yao anajua kuendesha.

Mama mkubwa alikuwa anamimina chai. Aliuliza jambo moja tu.

"Na kule, kama kitu iko na bei, banaifungaka mu plastiki?"

Nikamjibu ndiyo, mama, ndani ya plastiki. Akaendelea kumimina.

Ukoo ukaamua kadi isubiri mpaka mnunuzi apatikane upande wa Zambia, ambako kwa imani yao kila kitu hununuliwa. Kuilinda wakamwachia mjane, kwa kuwa hakuna mlinzi bora kuliko mtu aliyenyimwa haki ya kumiliki.

Hapa lazima niseme neno juu ya mji wangu. Mtu wa Lubumbashi akiipenda karatasi, huiplastifie. Huipeleka kwenye kibanda cha fotokopi, ikapitishwa kwenye mashine ya moto katikati ya ngozi mbili za plastiki, ikatoka inang'aa kama samaki. Kadi ya uchaguzi, cheti cha ubatizo, hati ya kiwanja chenye wenyewe watatu: vyote huvishwa. Jumatatu asubuhi mama mkubwa alivaa kitenge chake cha Misa, akaenda kwenye kibanda kilicho karibu na ofisi ya komini, yaani manispaa, akaivisha kadi. Mwenye mashine, kwa wema wake, alipunguza kingo kwa mkasi ili ienee kwenye kipimo cha kadi ya uchaguzi, kisha akaziviringisha pembe zisije zikatoboa mfuko.

Baba mdogo alipoiona alifurahi. Aliigeuza huku na huku, akaipiga kwa ukucha. "Sasa iko propre, safi kabisa," alisema.

Ikanibidi mimi, peke yangu, nieleze kwamba sasa haikuwa na bei hata ya kuku. Baba mdogo alitoa kadi yake ya uchaguzi, akailinganisha na ile nyingine kwa muda mrefu.

"Plastiki ya kwabo na ya kwetu iko tofauti?"

"Iko tofauti, baba."

"Hata plastiki yetu banaibagua," alisema, kwa uchungu wa mtu aliyekuwa ameanza kuzoea gari. Hakumlaumu mjane, angemlaumuje, na yeye mwenyewe amejaa plastiki mfukoni? Alinilaumu mimi, kwa kutofafanua. Desturi ikafuata mkondo wake: kisicho na bei kikabaki kwa mjane, pamoja na masufuria.

Walipokwisha kuondoka na redio na baiskeli, nilimuuliza mama mkubwa kama alikuwa amenielewa vizuri ile Jumapili. Alikuwa anaosha vikombe.

"Mutoto yangu, diplome yako iko mu plastiki ao haiko?"

Nikakiri kwamba imo, tangu mwaka niliohitimu, na kwamba yeye ndiye aliyeipeleka.

"Basi," alisema, akanipa kitambaa nifute.

Mpaka leo sijui kama alikusudia. Ninachojua ni kwamba kadi ile, kwa ugumu wake mpya, haikai tena kitabuni kwa unyenyekevu. Kitabu cha nyimbo hakifungiki. Jumapili kanisani, mama mkubwa akikiweka magotini, hufunguka chenyewe pale pale kwa Mzungu wake aliyefifia, na yeye huimba wimbo wa ukurasa huo kwa sauti yote, wowote kwaya itakaokuwa inauimba.