Fensi ya Shangazi na Nyota Inayodunda

Siku hiyo nilimpigia simu kila mtu ninayemjua. Mama yangu, aliyekuwa Voi, alinisikia nikicheka kabla hajasema halo. Antena zangu, safu za waya juu ya vigingi katika shamba la shangazi huko Kasigau, zilikuwa zimenasa nyota inayodunda: tik, tik, tik, kila sekunde moja na kitu. Mtu mwenye furaha haulizi hiyo "na kitu" ni ngapi.

Shangazi alichinja kuku. Nilikuwa nimeshika paja nilipokumbuka kupima jambo lenyewe lililonileta. Mawimbi ya redio ya nyota hizo hupita kwenye gesi yenye umeme, iwe ile iliyo kati ya nyota na nyota au ile inayopulizwa na jua, nayo huyachelewesha: ya masafa ya chini hufika nyuma ya yale ya juu. Yangu yalikuwa yamefika yote pamoja. Hayakuwa yametoka mbali. Yalitoka kwenye fensi ya stima ya kuzuia ndovu, hatua chache kutoka nilipoketi.

Niliona aibu, kisha nikacheka hadi nikapaliwa. Lakini nyota halisi niliyokuja kuipima ilikuwa ikipita karibu na jua wiki hiyo tu, na bila kipimo hicho tasnifu yangu ingengoja mwaka mzima. Nilimwomba shangazi azime fensi saa moja kila mchana, midundo yake isiifunike ile ya nyota.

"Msimu uliopita walimaliza mahindi yote," alisema. "Sasa wakikuja?"

"Mchana hawakuji, shangazi."

"Hata hiyo fensi uliniambia ni nyota."

Saa sita alizima mwenyewe, akaenda kusimama shambani. Saa ilipokwisha, mstari ulijitokeza kwenye kompyuta ukiwa umelala upande: masafa ya chini yalikuwa nyuma. Siku ya tatu, jua likiwa limeisogelea nyota zaidi, yalikuwa nyuma zaidi. Nilikimbilia kwenye mahindi nikiwa kama mwendawazimu, nikimwambia yamechelewa, yamechelewa.

Alinisikiliza hadi mwisho, kanga kichwani, jasho likimtiririka.

"Kesho pia unataka?"

"Ndiyo, kama unaweza."

"Basi kesho nitazima," alisema, akaenda kuwasha fensi.

Pale aliposimama palikuwa na debe lililobonyea pande zote kwa kupigwa, na ng'ambo ya fensi kinyesi cha ndovu, bado kibichi. Saa nzima nilikuwa na visikizio masikioni. Sikuwa nimesikia kitu.