Mfasiri Aliyetafsiri Kiswahili Changu

Mimi sikutafuta kucheza filamu. Nilikwenda kumtoa baba wa mtoto wangu kwenye nyumba ya video, hapa mjini Baraka, asubuhi ya kazi, mtoto mgongoni na beseni la ndagala, dagaa wa Lweba, kichwani. Nilisimama mlangoni nikamgombeza mbele ya watu wote. Kijana mmoja aliyerudi kutoka Uvira na kamera alikuwa ameketi nje. Alicheka mpaka akafuta machozi.

"Yaya," akaniambia, yaani dada, "niko natengeneza filamu ya kuchekesha juu ya hawa batu ba video. Njoo useme vile vile."

Nilikubali kwa sababu ya neno moja tu. Juma lile mtoto alikuwa amechomeka mkono kwa uji wa moto. Baba yake alirudi jioni akaanza kunisimulia jinsi akteri alivyopigwa risasi ya bega. Akteri, kwetu, si kila anayecheza. Ni yule mmoja anayeshinda mpaka mwisho, hafi hata mkimtupia bomu. Nikamuuliza huyo baba mtoto wake ameumia mkono gani. Hakujua. Bandeji inaonekana wazi, nyumba ni chumba kimoja, na hakujua! Nikaona: mimi nikisema nyumbani, hasikii. Lakini neno lililotoka kwenye kioo cha video hajawahi kulisahau hata moja. Basi nitatokea kwenye kioo, alisikie huko.

Heri ningejua taabu yenyewe. Kijana alitaka wapenzi wa video wenyewe wakae kwenye mabenchi, televisheni imezimwa, wajifanye wanaona filamu. Wakakataa.

"Tuangalie giza? Tuko bajinga?"

Akawawekea filamu ya kweli, na hapo ndipo akawapoteza kabisa. Akipiga kelele waanze, hakuna anayegeuka. Akipiga kelele wasimame, wanamzomea: "Nyamaza, we! Akteri iko nafika!" Mimi naingia, nafungua kinywa kumgombeza mwanaume aliyecheza kama mume wangu, na benchi zima linasimama kunizuia.

"Hapana, mama! Huyu ndiye akteri wa filamu yetu. Akteri hagombezwaka na mwanamuke!"

"Basi mimi ni nani?"

"We uko shefu wa mabandi, mukubwa wa wezi. Ngoja mwisho, utakufa."

Nilitamani kuwapiga wote na lile beseni.

Na aliyewashinda wote kwa usumbufu alikuwa mfasiri. Filamu zinakuja kwetu kwa Kichina, Kihindi, Kiingereza, kwa hiyo yuko mzee mmoja anayekaa kando ya kioo na mikro, kipaza sauti chake, anaeleza kwa Kiswahili kila linalosemwa, na mengi ambayo hayakusemwa. Watu wanampenda kuliko filamu zenyewe. Kijana alimwomba aingie kwenye filamu, acheze kazi yake hiyohiyo. Kila nilipoanza neno langu, na yeye anaanza juu yangu.

"Papa, acha niseme!"

"Sema tu, binti yangu. Mi niko nafasiri."

"Unafasiri nini? Si niko mbele yako?"

"Kinywa kikifunguka karibu na kioo, ile ni kazi yangu."

Tulirudia mpaka mtoto akalia. Nikamnyonyesha, tukarudia tena. Tuliokolewa na jenereta: mafuta yaliisha. Kioo kikazima, mikro ikafa. Wale wapenzi wakabaki wameinamisha vichwa kwa huzuni, sura zao kama za waume waliogombezwa kweli. Kamera ilikuwa na betri yake. Kijana akanipungia mkono, nami nikalisema neno langu lote, mwanga wa mlango nyuma yangu, bila mtu wa kunikatiza. Nilirudi nyumbani nikiimba.

Filamu ilipokamilika ikaonyeshwa palepale, Jumapili baada ya misa. Watu walijaa mpaka madirishani, wengine walifika na pikipiki kutoka Lusenda. Baba wa mtoto, ambaye hakuwako siku ya kupiga picha, alikaa benchi la kwanza.

"Leo uangalie vizuri," nikamwambia.

"Mama, mi naangaliaka vizuri kila siku."

Filamu ikaanza, na yule mzee akashika mikro. Filamu ya Kiswahili! Kiswahili chetu cha hapa, na Kibembe kidogo ndani yake. Mtu kwenye kioo anasema karibu, mzee anatuambia: "Anamuambia karibu." Kijana akamwendea akiwa ameinama asizibe kioo.

"Papa, hii ni Kiswahili."

"Najua. Ndiyo maana inanitokea vizuri."

"Acha afasiri!" wakapiga kelele nyuma. "Filamu bila mufasiri, nani atatuelezea?"

Nikajiona kwenye kioo, naingia mlangoni. Kinywa changu kikafunguka, na mzee, kwa sauti nyembamba ya kike, akasema: "Bwana wangu mupenzi, unisamehe kukusumbua. Rudi nyumbani, nimekupikia sombe na samaki."

Nyumba nzima ikapiga makofi. Baba wa mtoto naye. Tena akageuka akanitafuta kwa macho, amefurahi!

Sijui niliyavukaje yale mabenchi na mtoto mgongoni. Nilimnyang'anya mzee mikro.

"Mama, unaharibu filamu!" mtu akapiga kelele nyuma.

"Kaa chini!" nikamwambia.

Nikasema kama nilivyosema siku ile: "Unajua akteri alipigwa risasi ya bega gani. Sasa uniambie, mutoto wako alichomeka mukono gani?"

Wakacheka, maana walidhani ni filamu inaendelea. Lakini mimi sikuwa nikimwangalia mume wa kwenye kioo. Nilimwangalia wa benchi la kwanza, na benchi la kwanza polepole likaanza kumwangalia pia. Yeye hakucheka. Aliangalia mgongo wangu, akatafuta mikono ya mtoto, yote miwili iko ndani ya kitenge.

"Wa kuume?" akasema, kwa sauti ndogo sana.

"Sema kwa nguvu. Mufasiri hakusikia."

Ulikuwa wa kushoto. Kwenye kioo nilikuwa nimekwisha kutoka, watu wengine wanaendelea na mambo yao, vinywa vinafunguka na hakuna wa kuvifasiri. Mikro bado nilikuwa nayo mimi.