Verna Bitsilly na Kicheko cha Kwanza cha Kee

Verna Bitsilly alikuwa mkono wa birika, na mji mzima wa Chinle ulijua. Chai ya kwake ni nusu kikombe. Kondoo wake walikufa kwa uzee. Aliwapitisha wageni katika Korongo la Chelly tangu mumewe alipofariki na kumwachia watoto na lile gari la wazi. Semeni mtakavyo, lakini watoto wale walikula, wakasoma, na hakuna aliyetumwa kwa jirani kuomba unga.

Balaa lilianza alipozaliwa mjukuu wake, Kee. Kwa Wanavajo, kabila lake Verna, atakayemchekesha mtoto mara ya kwanza ndiye atakayeandaa karamu, na tabia yake ndiyo mtoto atakayoichukua. Basi kila Verna alipomwinamia Kee, binti yake Larissa, mama wa Kee, alimgeuza mtoto upande wa pili.

"Mama, usikasirike. Mwachie mjomba kwanza."

Kuambiwa hivyo na mtoto uliyemlea kwa jasho lako! Iliuma, jamani. Tangu siku hiyo Verna alimbeba mjukuu wake huku amenuna, asije akaambiwa amemharibu.

Asubuhi moja, theluji za milimani zikiyeyuka, alikuwa na wageni wa kutwa. Larissa alitaka kufikishwa shamba la familia humo korongoni, akapanda pamoja na Kee, kafungwa vizuri kwenye ubao wake wa kubebea. Wilford, kaka yake Verna, akakaa nao nyuma. Njia nzima alimtolea mtoto ulimi, akavimbisha mashavu, akalia kama mbuzi. Wageni walicheka mpaka kuta nyekundu za korongo zikaitikia. Kee alimkodolea macho tu.

"Dada, tazama njia!" Wilford akapaza sauti. "Ukigeuka huku, mtoto atakuwa bahili, atunyime hata machozi!"

"Nyamaza! Hata soksi ulizovaa nimenunua mimi."

Walipoyapita magofu ya kale, gari likaingia kijitoni likadidimia. Mchanga wa pale ukilowa humeza gurudumu bila kuomba radhi. Verna akashuka na koleo, akachimba, akamwachia Wilford usukani, kisha akaegemeza bega nyuma ya gari.

"Kanyaga! Polepole!"

Polepole wapi! Wilford alikanyaga kama mwendawazimu. Gari likachomoka, Verna akaanguka kifudifudi, puu! Akainuka katapakaa tope tangu utosini, macho mawili tu yakipepesa, kofia yake ikielea inakwenda zake.

Ndipo ikatoka sauti ambayo hawajawahi kuisikia. Kee alikuwa anacheka. Si kutabasamu, kucheka hasa, mpaka ubao ukatikisika.

Larissa akaziba mdomo kwa kiganja. Wilford akasema, "Lo, tumekwisha!"

Verna alisimama pale pale topeni, machozi yakimchora mistari usoni. "Nimemchekesha mimi!" akapiga ukelele. "Mmesikia? Mimi! Karamu ni yangu!" Korongo likamrudishia: yangu, yangu.

Jumamosi akamchinja kondoo dume mnono ambaye miaka yote alikataa kumuuza. Aliita ukoo, majirani, na wageni wake wote wa siku ile. Nyama ilijaa masufuria, mikate ya kukaanga ikarundikana, na chai ikafurika vikombe hadi mezani. Kisha akampakata Kee, akamshika kiganja chenye chumvi, watu wakapanga foleni kupokea chumvi hiyo, kama desturi ilivyo, ili mtoto akue mkarimu.

Wilford akanyoosha vidole viwili. "Kidogo tu, dada, nisikutie hasara."

"Fungua mkono wote, mjinga wewe." Akammiminia mpaka ikamwagika kwenye viatu.

Larissa alikuja wa mwisho. Alisimama mbele ya mama yake, kichwa chini.

"Mama," akasema, "na awe kama wewe."

Verna akaukunjua mkono mdogo wa Kee, akamjazia binti yake chumvi kiganja tele.